Ufa Uliopiga Simu Kushukuru

Usiku wa jana niliota ufa umenipigia simu.

Nilipokea kwa adabu, kama ninavyopokea simu zote, yaani kwa sauti ambayo mtu wa upande wa pili hudhani mtandao umekatika.

"Haloo, Dada Sekela?" ufa ukasema. Ulikuwa na sauti nyembamba, iliyonyooka, ambayo mwishoni ilipinda kidogo kwenda kushoto. "Samahani kwa usumbufu. Ni mimi, ule wa kwenye mkono wa eskaveta namba nne. Tulionana kwenye tochi."

Niliukumbuka vizuri sana.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya machimbo ya kokoto, upande wa Tukuyu. Nina cheti cha chuo, miaka miwili kazini, na sauti ndogo kiasi kwamba mlinzi wa getini, akiita majina asubuhi, huandika sijafika huku akinitazama usoni. Jana mchana tulikuwa tunatengeneza eskaveta namba nne, mashine ya kuchimbia, ambayo tunaiita Bibi kwa kuwa ni ya zamani kuliko mashine zote pale. Mkono wake mkubwa ulikuwa umepasuka. Fundi mkuu, Mzee Mwakabuta, alipaka ile rangi nyekundu inayozama ndani ya ufa, akaifuta, akapuliza unga mweupe juu yake, na ufa ukajichora wenyewe kama uzi mwekundu. Akatoboa tundu kila mwisho wa ule uzi, kwa sababu ufa usiotobolewa mwisho wake huendelea kutembea hata ukiuchomelea namna gani. Kazi yangu ilikuwa kushika tochi.

Na kwa kuwa tochi nilishika mimi, niliona. Upande wa kushoto, ule uzi ulikuwa umelipita tundu. Ulikuwa mwembamba kama unywele, lakini ulikuwapo. Mzee alikuwa ameshaweka drili chini, anafuta miwani yake. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Mtu ametoboa vyuma tangu wewe hujazaliwa, unaanzaje kumwambia? Basi akasaga kwa grenda mpaka kwenye tundu lake, akachomelea, na kufikia jioni rangi ya njano ilikuwa imefunika kila kitu, pamoja na nilichokiona.

"Nimekupigia kukushukuru," ufa ukaendelea. "Tulitazamana, ukanyamaza. Siku hizi si watu wengi wenye moyo huo. Wengine wangesema."

"Asante kushukuru," nikajibu, kwa mazoea.

"Nataka pia kukualika. Kesho saa moja asubuhi namalizia safari yangu. Atakuwepo Kaka Ambilikile."

Ambilikile ndiye anayemwendesha Bibi. Kila asubuhi kabla ya kazi huinua ule mkono juu, huzima injini, hushuka, husimama chini yake, huvua kofia na kusali. Mzee Mwakabuta humkemea kila siku kwamba chini ya mkono wa mashine si mahali pa kusimama, naye hujibu kwamba hana hofu, anakuwa amefumba macho. Hututaja wote kwa majina. Mimi hunitaja wa mwisho, na kila siku huongeza, "na umpe sauti."

"Usije na drili," ufa ukasema. "Njoo na keki."

Simu ikakatika. Kwa usahihi zaidi, ilipasuka katikati.

Sasa niko karakana. Karakana ni sebule ya mama yangu pia, na hakuna anayeona tatizo. Kila kifaa kimewekewa kitambaa cha kufuma. Jeki ina chake, grenda ina chake, pipa la oili lina kikubwa chenye maua. Bibi amelala kwenye kochi la watu watatu, mkono wake umepumzishwa juu ya stuli, na kokoto zinamdondoka kwenye zulia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na hiyo mikono yako ya baridi usinisogelee nayo."

"Nimekuja kukufungua pale ulipochomelewa. Kuna ufa umebaki."

"Najua umebaki, si uko kwangu? Unaniwasha tangu jioni. Haya, kitabu chenu cha chuoni kinasemaje?"

"Chuma kinene kipashwe moto kwanza."

"Na wewe umekuja na nini?"

Natafuta mtungi wa gesi. Mtungi haupo. Umeacha karatasi mezani: umekwenda msibani Kyela, utarudi Jumatano.

"Basi nisalimie," Bibi anasema. "Nisalimie vizuri, kama mtu aliyelelewa. Nitapata joto."

Kwenye mfuko wa ovaroli yangu inatoka chaki ya kupimia joto, ile inayoyeyuka chuma kikifika nyuzi zake. Imevaa tai.

"Mimi ni mia na ishirini," chaki inasema. "Chini ya hapo sina maoni."

Mimi si mtu wa salamu ndefu. Chuoni nilikuwa nikivuka barabara nikiona mtu anayependa kuuliza habari za nyumbani. Lakini naanza.

"Za tangu jana, Bibi?"

"Njema."

"Thelathini," inasema chaki.

"Za mafuta?"

"Yanavuja kidogo, lakini tunashukuru."

"Arobaini na tano."

"Minyororo haijambo?"

"Wa kulia mzima. Wa kushoto ndio huo, kila siku kulalamika."

"Sitini. Binti, ukienda hivi tutalala hapa."

"Na yule jirani yako, tingatinga?"

Bibi anajiinua kwenye kochi. "Usinikumbushe yule!"

"Tisini na tano!" chaki inasema, tai ikiwa imekaa upande. "Hapo hapo. Usitoke hapo."

"Kwani kafanya nini?"

"Kawekewa blade mpya, mjukuu wangu. Moja tu. Sasa akipita mbele yangu anajifanya ana vumbi machoni. Mtu nimemvuta mimi mwenyewe kutoka kwenye tope, mwaka ule wa mvua, usiku na mchana, leo hanijui!"

"Jamani," nasema, na nasema kutoka moyoni.

"Nimeridhika," chaki inasema, halafu inayeyuka kwa heshima juu ya kitambaa.

Bibi ameshakuwa wa moto vizuri. Nafungua tanuri la rodi. Hizi rodi za kuchomelea hazitakiwi kuonja unyevu hata kidogo, ndiyo maana hukaa kwenye joto mpaka dakika ya mwisho. Leo ndani ya tanuri kuna wodi. Rodi zimelala kwa mistari, zimefunikwa shuka, na moja iliyo karibu na mlango imefungua mwavuli.

"Mlango! Mlango!" zinapiga kelele. "Nani huyo?"

"Ni Sekela."

Shuka zinavutwa juu.

"Yule anayelia?" inauliza rodi ya mwavuli.

"Silii sana."

"Leo umelia?"

"Kidogo."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Kulikuwa na kondoo anamwita mwenzake ng'ambo ya barabara."

"Na saa saba?"

"Mama lishe alinibakishia parachichi."

"Ulilia kwa sababu ya parachichi?"

"Alinibakishia kubwa."

Rodi zinatazamana. Ya mwavuli inakohoa. "Dada, sisi hatuna ubaya na wewe. Lakini ukitulilia, unyevu tunapata sisi, vitundu vinaingia kwenye chuma, na lawama inaandikwa kwamba rodi zilikuwa mbovu. Tunataka ahadi."

Naahidi. Zinataka niahidi tena bila kutikisa kidevu. Naahidi tena, nikiwa nimekishika kidevu kwa mkono. Rodi sita zinakubali kutoka. Naziweka kwapani, mahali pakavu kuliko pote nilipo napo, kisha nakwangua rangi ya njano kwenye mkono wa Bibi.

Ufa unatoka chini ya rangi kama mtu anayejifunua shuka.

"Oh, umekuja mapema," unasema. "Keki iko wapi?"

"Nimekuja na drili."

"Nilijua tu. Wewe ulisoma." Ufa ukashuka kwenye kochi, ukavuka zulia, ukatoka kwa mlango wa jikoni.

Mwalimu wetu chuoni alikuwa akisema jambo moja kila siku: fuata ufa mpaka mwisho wake, ndipo utoboe, na utoboe mbele kidogo ya pale unapouona. Kwa hiyo nikaufuata. Ulipita katikati ya shamba la chai. Wanawake waliokuwa wakichuma waliinua mguu mmoja mmoja ili upite, bila kusimamisha mazungumzo yao. Nikainama, nikatoboa mwisho wake kwenye udongo.

"Umechelewa kidogo," ufa ukasema, kutoka mbele.

Ukaingia kwenye chumba cha mtihani. Ukapita juu ya madawati, na msimamizi akanilazimisha niandike namba yangu kwanza. Nikaandika. Nikatoboa kwenye ubao.

"Bado kidogo, dada."

Ukapanda mguu wa meza, na meza hiyo ilikuwa yangu, ya chumbani kwangu katika nyumba za wafanyakazi. Juu yake kilikuwa kikombe changu cha udongo. Mzee Mwakabuta alinipa kikombe hicho siku yangu ya kwanza kazini, aliposema kwamba fundi asiye na kikombe chake ni mgeni. Wiki iliyopita kilipata mstari mwembamba kuanzia mdomoni kushuka chini. Bado nakitumia. Nikikitupa kitajisikia vibaya.

Ufa ulikuwa ndani ya ule mstari, unashuka taratibu.

"Usitoboe kwa pupa," kikombe kikaniambia. "Nina chai."

Sikutoboa pale nilipouona. Niliweka ncha ya drili mbele kidogo, mahali ambapo udongo ulikuwa bado mzima, nikasubiri kidogo, nikatoboa. Ufa ukafika kwenye tundu, ukasimama, ukazunguka ndani yake mara mbili kama mtu aliyepoteza mlango.

"Aa," ukasema. "Nani kakufundisha?"

"Chuo. Lakini Mzee Mwakabuta ndiye aliyenishika mkono."

"Basi kwenye kikombe umenipata, hongera. Lakini hakuna mtu anayesali chini ya kikombe. Kule kwenye mkono niko mbele bado, na tundu la kule si lako. Ni la Mzee. Kalichukue kwake, kama unaweza kumwambia."

Mzee Mwakabuta amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, katikati ya machimbo. Analifuta tundu lake kwa leso. Ni tundu zuri la duara, la milimita nane, na analishika kwa vidole viwili kama pete ya harusi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Hebu ona. Miaka thelathini na moja natoboa, sijawahi kupata safi kama hili."

Ni safi kweli. Nyuma yake Bibi ameshainua mkono juu, na Ambilikile anakuja, kofia mkononi, macho ameshafumba.

"Habari za miwani, Mzee?" nasema.

"Aii!" beringi za Bibi zinalia.

Nageuka. Lile koleo la mashine ya kuchomelea, linalouma chuma ili umeme urudi kwenye mashine, limeuma kidole changu cha mguu.

"Unaongea mbali na kazi," koleo linasema kupitia meno. "Umeme wako unazunguka huko kote, unapita kwenye beringi, unawaunguza watu wasiohusika. Kitabu kinasemaje?"

"Koleo likae karibu na kazi."

"Kazi ni miwani?"

"Hapana. Ni tundu."

"Basi uma pale."

Ambilikile amesimama chini ya mkono. Ameanza kusali. "Baba, nakuletea Mzee Mwakabuta," anasema kwa ile besi yake, "na magoti yake."

"Mzee," nasema. "Kuhusu tundu."

"Ehee? Lina nini? Sema basi, mbona unanong'ona?"

Mashine ya kuchomelea inasogea karibu yangu kwa magurudumu yake. "Sauti yako umeiweka ngapi?"

"Arobaini."

"Arobaini unachomelea karatasi. Chuma hiki kinataka mia na thelathini. Kitufe hicho hapo."

Kitufe ni kifungo cha juu cha ovaroli yangu. Nakizungusha.

"Nakuletea mama lishe," Ambilikile anaendelea, "na sufuria zake."

Sitini. "Mzee, tundu..."

"Zuri, eh?"

"Nakuletea mlinzi wa getini, umfungue macho."

Tisini. "Mzee, tundu liko..."

"Liko hapa mkononi mwangu, binti. Unaumwa?"

Juu ya kichwa cha Ambilikile ule uzi mwekundu unatembea. Haukimbii. Unatembea kama mtu aliyewahi na mwaliko. Kidevu changu kinaanza kutikisika, na kwapani rodi zote sita zinasema kwa pamoja, "Uliahidi."

"Na mwisho," Ambilikile anasema, "nakuletea Sekela, na umpe..."

Mia na thelathini.

"MZEE, TUNDU LIKO NYUMA!"

Tingatinga likaacha kujifanya lina vumbi machoni. Ambilikile akafumbua jicho moja. Mzee Mwakabuta akaliinua tundu, akachungulia ndani yake kuelekea kwenye mkono wa Bibi, akachungulia kwa muda mrefu.

"Kumbe," akasema taratibu. "Nyuma kiasi gani?"

Nilikuwa karibu kujibu. Lakini chozi moja lilikuwa limetoka chini ya miwani yake, lake na si langu, na rodi zilipoliona zilipiga yowe, "Unyevu! Unyevu!" zikaruka kutoka kwapani, zikakimbia kuteremka machimboni, ile moja ikiwa mbele na mwavuli wake.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Nilikaa kitandani nikajieleza mambo. Nilikula maharage mengi jana. Ndoto ni ndoto. Mzee hupima kazi zake mwenyewe. Na binti hampigii mzee simu alfajiri. Akiona jina langu kwenye simu atadhani kuna kifo. Ningemsubiri afike karakana saa mbili, nimwendee polepole, nianzie mbali. Kwamba Ambilikile husali saa moja, hilo nililiweka pembeni, kama mtu anavyoweka pembeni kitu cha moto.

Hata hivyo niliandika ujumbe: "Shikamoo Mzee, samahani kwa usumbufu, habari za miwani." Nikausoma. Nikaufuta.

Nikachukua chupa ya chai, nikamimina kwenye kikombe changu, nikaketi ninywe kwanza nitulie.

Sketi yangu ikalowa.

Nikakiinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha. Ule mstari wa wiki iliyopita ulikuwa palepale, kuanzia mdomoni kushuka chini. Mwishoni mwake palikuwa na tundu. Dogo, la duara, safi, na limetobolewa mbele kidogo ya ncha, kama inavyotakiwa. Chai ilikuwa ikitokea hapo kwa mchirizi mwembamba, na mezani, mahali ambapo usiku hapakuwa na kitu, palikuwa na kifusi kidogo cha unga wa udongo, kisichozidi punje mbili za mchele.

Nikaliziba tundu kwa kidole. Kwa mkono mwingine nikapiga simu. Ikaita mara tatu.

"Mzee, shikamoo, tundu liko nyuma!"

Jirani yangu akagonga ukuta.

Upande wa pili nilisikia kitanda kikilia, kisha mkono ukipapasa miwani. "Tundu la wapi, binti? Nani kafa?"

"Hajafa mtu bado. La kushoto, kwenye mkono wa Bibi. Niliona jana kwa tochi, ufa umelipita. Nikanyamaza, Mzee. Naomba unisamehe."

Alinyamaza kwa muda. Nilidhani mtandao umekatika, na kwa mara ya kwanza nikajua watu wengine hujisikiaje wakiongea na mimi.

"Umelipita kiasi gani?" akauliza.

Nikatazama kidole changu kwenye kikombe.

"Upana wa kidole kimoja, Mzee."

Akashusha pumzi. "Nakuja na drili. Wewe kimbia sasa hivi, Ambilikile asimwinue Bibi hata kidogo. Mwambie leo akasalie kantini." Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja aliposema tena, "Na lile ombi lake juu yako, binti, mwambie limeshajibiwa. Sikio langu bado linalia. Apunguze."